Agumenti Ziko Kwenye Staki: Majibu kwa Madai Yanayozunguka kuhusu Asembli ya Linux

Ukikaa na watu wanaojifunza asembli kwenye Linux, swali hili halikawii kuulizwa: nikiandika `./salamu Asha Juma` kwenye teminali, programu yangu itayapataje majina hayo mawili? Swali ni jepesi, na jibu lake halizidi mistari miwili ya kodi. Kinachosumbua ni majibu yaliyokwisha kuzagaa. Moja limerithiwa kutoka vitabu vya DOS, jingine limetoka kwenye mhadhara wa lugha ya C, la tatu limenakiliwa kutoka programu ya biti 32, na yote husemwa kwa uhakika uleule. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana niyajibu hapa. Mfano wangu mkuu ni x86-64 na kiasembli cha NASM, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia.

"Agumenti ni mambo ya C. Ukizitaka kwenye asembli, unganisha maktaba ya C."

Ni kweli kwamba wengi wetu tulikutana na `argc` na `argv` kwanza kwenye kitabu cha C. Lakini C nayo inapokea tu. Anayezileta ni kerneli.

Sheli ikitaka kuendesha programu, hutumia wito wa mfumo uitwao `execve`, ambao kwenye x86-64 ni namba 59. Wito huo hupewa vitu vitatu: njia ya faili, orodha ya agumenti na orodha ya vigeu vya mazingira. Kerneli huitupa kumbukumbu ya zamani ya mchakato, hutengeneza staki mpya, hunakili maneno yote sehemu ya juu ya staki hiyo, kisha chini yake hupanga jedwali la vielekezi vinavyoyaonyesha maneno hayo. Hapo ndipo programu yako huanza kutekelezwa. Kwa faili za ELF, jedwali hupangwa na fanksheni `create_elf_tables` iliyomo kwenye `fs/binfmt_elf.c` ya kerneli, na fanksheni hiyo haiulizi kama programu iliandikwa kwa C, kwa Rust au kwa mkono.

Kwa mfano wetu, agizo la kwanza chini ya `_start` linakuta hali hii:

```
[rsp]      3
[rsp+8]    anwani ya "./salamu"
[rsp+16]   anwani ya "Asha"
[rsp+24]   anwani ya "Juma"
[rsp+32]   0
[rsp+40]   anwani ya kigeu cha kwanza cha mazingira
```

Idadi kwanza, vielekezi vinafuata, sifuri ya kufunga, kisha mazingira nayo hadi sifuri yake. Juu zaidi kuna orodha nyingine ambayo wengi hawajawahi kuiona, jedwali saidizi, lenye jozi za namba na thamani: ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu, anwani ya baiti 16 za bahati nasibu, anwani ya njia ya faili iliyotumika kuianzisha programu, na kadhalika.

Asiyeamini aende kwenye gdb. Aandike `gdb --args ./salamu Asha Juma`, kisha `starti`, ambayo husimamisha programu kwenye agizo lake la kwanza kabisa. Kisha `x/6gx $rsp`. Namba ya kwanza itakuwa 3, na ya tano itakuwa sifuri. Ukiandika `x/s *(char**)($rsp+16)` utasomewa "Asha". Hapo hakuna mstari hata mmoja wa kodi yako uliokwisha kutekelezwa, na hakuna maktaba yoyote iliyoguswa.

Na hii hapa ni programu nzima inayochapisha agumenti zake zote, kila moja kwenye mstari wake:

```
global _start
section .text
_start:
    mov  r12, [rsp]         ; idadi
    lea  r13, [rsp+8]       ; mwanzo wa vielekezi
.inayofuata:
    test r12, r12
    jz   .mwisho
    mov  rsi, [r13]
    xor  edx, edx
.pima:
    cmp  byte [rsi+rdx], 0
    je   .andika
    inc  rdx
    jmp  .pima
.andika:
    mov  byte [rsi+rdx], 10 ; sifuri iwe mstari mpya
    inc  rdx
    mov  eax, 1
    mov  edi, 1
    syscall
    add  r13, 8
    dec  r12
    jmp  .inayofuata
.mwisho:
    mov  eax, 60
    xor  edi, edi
    syscall
```

Ijenge kwa `nasm -felf64 salamu.asm` na `ld -o salamu salamu.o`. Agizo linaloandika 10 juu ya sifuri ni ujanja wa kuepuka wito wa pili wa kuandika, nami nitalirudia mwishoni, kwa sababu nalo lina dai lake. Kwa sasa angalia kitu kimoja tu: nimetumia `r12` na `r13` kutunza hesabu kwa makusudi, kwa kuwa agizo la `syscall` huharibu `rcx` na `r11`. Anayetunza idadi yake kwenye `rcx`, kama mazoea ya kitanzi cha `loop` yanavyomtuma, ataona programu ikichapisha kwa vurugu au isikome, kisha atailaumu staki.

"Agumenti ziko kwenye rdi na rsi. Ndivyo utaratibu wa wito wa x86-64 unavyosema."

Hili ndilo dai linalowapotosha watu wengi kuliko yote, maana nusu yake ni kweli. Utaratibu wa System V unasema hivyo hasa: fanksheni ikiitwa, agumenti yake ya kwanza huwa kwenye `rdi`, ya pili kwenye `rsi`, ya tatu `rdx`, zikifuatiwa na `rcx`, `r8` na `r9`. Ukiandika lebo ya `main` na kujenga kwa gcc, utakuta kweli idadi iko kwenye `edi` na anwani ya orodha iko kwenye `rsi`.

Ila `_start` si fanksheni. Hakuna aliyeiita. Kerneli imeirukia tu, na haina mpango wa kurudishiwa chochote. Utaratibu wa wito unahusu anayeita na anayeitwa. Hapa anayeita hayupo. Waraka huohuo wa System V una sehemu nyingine inayoeleza hali ya mchakato unapoanza, na huko ndiko inakotajwa kwamba idadi iko pale `rsp` inapoonyesha. Wengi husoma sehemu ya kwanza ya waraka wakaifunga.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kwenye programu isiyo na maktaba. Kerneli ya Linux husafisha rejista za kawaida kabla ya kuianzisha programu mpya kwenye x86-64, kwa hiyo `rdi` ina sifuri na `rsi` ina sifuri. Mwanafunzi anasoma `rdi`, anaambiwa agumenti ni sifuri ilhali ameandika mbili. Akijaribu kusoma `[rsi+8]`, anagusa anwani namba 8, na mchakato unakufa kwa SIGSEGV. Anachohitimisha ni kwamba agumenti hazikufika.

Kuna jaribio dogo linalotofautisha hali hizi mbili kuliko maelezo marefu. Weka `ret` peke yake chini ya `_start` na uiendeshe. `ret` huchukua kilichopo juu ya staki ikakifanya anwani ya kurudi. Kwenye `main` hapo pana anwani halali ya kurudia ndani ya maktaba ya C, kwa hiyo programu humalizika salama. Kwenye `_start` hapo pana idadi ya agumenti. Kwa `./salamu Asha Juma` kichakato kitajaribu kuruka kwenda anwani namba 3. Mchakato unakufa palepale, na gdb itakuonyesha `rip` ikiwa na 0x3. Ongeza agumenti moja, itakuwa 0x4. Huo ndio ushahidi wa mahali idadi ilipo, umetolewa na ajali yenyewe.

Nani basi anayezihamisha kutoka kwenye staki kuzipeleka kwenye `rdi` na `rsi`? Ukijenga kwa gcc, programu yako hupewa kipande kidogo kiitwacho `crt1.o`, chenye `_start` yake. Kifungue kwa `objdump -d` ukione. Kinafuta `ebp`, kinafanya `pop rsi` kuichukua idadi, kinanakili `rsp` kwenda `rdx` kama anwani ya orodha, kinairekebisha `rsp` igawanyike kwa 16, kisha kinaita `__libc_start_main`, ambayo baadaye ndiyo huiita `main` ikiwa na rejista zilizojazwa sawasawa. C nayo, basi, husoma staki. Tofauti ni kwamba kazi hiyo imefanyiwa chumba cha pili usichokiona.

Swali la kujiuliza ni moja tu: lebo yangu ni `_start` au ni `main`? Kama ni `_start`, angalia staki. Kama ni `main`, angalia rejista. Anayechanganya, kwa mfano kwa kusoma `[rsp]` ndani ya `main`, ataokota anwani ya kurudia, namba ndefu isiyo na maana, na kudhani ndiyo idadi.

"Kodi ya biti 32 inafaa. Badilisha esp iwe rsp, basi."

Haifai, na inavunjika kwa namna mbili, ya pili ikiwa mbaya zaidi.

Ya kwanza ni hatua. Kwenye i386 kila kielekezi ni baiti 4, kwa hiyo agumenti ya kwanza iko `[esp+4]`, inayofuata `[esp+8]`. Kwenye biti 64 kila nafasi ni baiti 8. Anayesoma `[rsp+4]` anaunganisha nusu ya juu ya idadi na nusu ya chini ya kielekezi, anapata kitu ambacho si hiki wala kile. Kosa hili hugunduliwa haraka kwa kuwa programu hufa mara moja.

Ya pili haiui programu. Inainyamazisha. Kodi ya zamani huandika kwa `int 0x80`, ikiwa na 4 kwenye `eax`, 1 kwenye `ebx`, anwani kwenye `ecx` na urefu kwenye `edx`. Kerneli nyingi za biti 64 bado hulikubali agizo hilo, lakini huuchukulia wito kama wa biti 32: anwani hukatwa, zikabaki biti 32 za chini. Sasa tazama kinachotokea. Salamu uliyoitangaza mwenyewe kwenye sehemu ya `.data` inakaa karibu na 0x402000, kwa sababu `ld` huijenga programu ya kawaida kuanzia 0x400000. Anwani hiyo ni fupi, ikikatwa haipungukiwi na kitu, na salamu inachapishwa vizuri. Agumenti ziko kwenye staki, ambako anwani huanza na 0x7ff na kuendelea kwa tarakimu nyingi. Zikikatwa hubaki mkia unaoonyesha mahali pasipo na kitu. Wito unarudisha -14, yaani EFAULT, hauchapishi chochote, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huyo mwanafunzi ana ushahidi mkononi: njia yake ya kuchapisha inafanya kazi, ameiona ikichapisha salamu. Kwa hiyo tatizo lazima liwe kwenye agumenti. Atahangaika na staki jioni nzima wakati staki haina kosa lolote. Dawa ni kuitazama `rax` baada ya kila wito wa mfumo, au kuiendesha programu chini ya `strace`.

Na asidhani kwamba kubadili `int 0x80` kuwa `syscall` peke yake kunatosha. Namba za wito nazo ni tofauti. Kwenye i386 kuandika ni 4 na kutoka ni 1. Kwenye x86-64 namba 1 ni kuandika na kutoka ni 60, na namba 4 ni `stat`. Anayeacha 1 kwa nia ya kutoka atakuwa ameomba kuandika. Programu haitatoka, itaendelea kutekeleza chochote kilichofuata kwenye kumbukumbu hadi ianguke.

"Mfumo hukupa mstari mzima ulioandikwa. Kuukata vipande ni kazi yako."

Hii ilikuwa kweli, mahali pengine. DOS iliiwekea kila programu eneo la baiti 256 mbele yake. Kwenye nafasi ya 80h palikuwa na baiti moja ya urefu, na kuanzia 81h palikuwa na mstari wenyewe, usiozidi baiti 127, ukiishia na 0Dh. Mwandishi alizichambua nafasi tupu mwenyewe. Windows nayo bado humpa mwandishi mstari mmoja kupitia `GetCommandLine`. Vyuo vingi bado hufundisha asembli kwa kuiga 8086, na mwanafunzi anapohamia Linux huja na mzigo huo.

Kwenye Linux mstari haufiki kwako kabisa. Sheli imeshaukata, imeondoa alama za kunukuu, imeweka thamani za vigeu, na imepanua nyota. Ukiandika `./salamu *.txt` kwenye folda yenye faili tatu za aina hiyo, idadi itakuwa 4 na nyota hutaiona popote. Ukiandika `./salamu "Asha Juma"`, idadi ni 2 na nafasi iliyo katikati ya majina imo ndani ya agumenti moja. Programu haina njia ya kujua kama mtumiaji alitumia alama za kunukuu au la. Kodi inayotafuta nafasi tupu ili ikate maneno upya inaharibu kazi iliyokwisha kufanywa vizuri.

Kuhusu zile baiti 127: agumenti moja kwenye Linux inaweza kufika baiti 131,072, ikiwemo sifuri yake, kwenye mashine zenye kurasa za KB 4. Zote kwa pamoja, tangu kerneli 2.6.23 ya mwaka 2007, huruhusiwa kuchukua hadi robo ya kikomo cha staki. Kwa kikomo cha kawaida cha MB 8, hiyo ni MB 2, na ndiyo namba inayotolewa na `getconf ARG_MAX`. Kwa hiyo usitenge bafa ya baiti 128 ukaanza kunakili humo. Huna hata haja ya kunakili. Maneno yako tayari kwenye kumbukumbu yako, yasome yalipo.

"Ya kwanza ni jina la programu siku zote, kwa hiyo idadi haiwezi kuwa chini ya 1."

Hapa dai limegharimu zaidi ya jioni moja ya mwanafunzi.

Jina la kwanza kwenye orodha ni chochote ambacho aliyeita `execve` ameamua kuweka. Ni desturi, hakuna anayeisimamia. Ndani ya bash ukiandika `exec -a Mwanakombo ./salamu`, agumenti ya kwanza itakuwa "Mwanakombo". Sheli ya kuingilia hujiona ikiitwa "-bash", kistari kikiwa mbele, na kwa kistari hicho hujua kuwa ni sheli ya kuingilia. BusyBox imejengwa juu ya uhuru huohuo: faili moja yenye majina mengi, ikitazama iliitwa kwa jina gani ili ijue iwe `ls` au iwe `cp`. Anayetaka njia halisi ya faili lake asome kiungo cha `/proc/self/exe`.

Je, idadi inaweza kuwa sifuri? Kwa miaka mingi iliwezekana. Mtu aliita `execve` na orodha tupu, na kerneli ikaipokea. Sasa rudi kwenye mchoro wa mwanzo uone staki inakuwaje: `[rsp]` ni 0, `[rsp+8]` ni sifuri ya kufunga, na `[rsp+16]`, mahali ambapo kila mtu anatarajia agumenti ya kwanza ya kweli, pana kigeu cha kwanza cha mazingira. Orodha mbili zinapakana, hakuna ukuta kati yake.

Tarehe 25 Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2021-4034, maarufu kwa jina la PwnKit. Ulikuwa ndani ya `pkexec`, programu ya polkit inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu hata ikiitwa na mtumiaji wa kawaida, na ulikuwemo tangu toleo lake la kwanza la Mei 2009. Kitanzi chake cha kusoma agumenti kilianza kuhesabu kutoka 1, kwa kuamini kwamba 0 ni jina la programu. Idadi ikiwa sifuri, kitanzi hakikuzunguka hata mara moja, lakini kihesabu kilibaki na 1. Programu ikasoma agumenti namba 1, yaani kigeu cha mazingira. Ikaichukulia kama jina la programu ya kutafutwa. Ikaitafutia njia kamili. Kisha ikaandika njia hiyo mahali palepale ilipoisoma. Kwa mlango huo mshambuliaji aliweza kurudisha ndani vigeu hatari, kama `GCONV_PATH`, ambavyo mfumo huviondoa kwa makusudi kabla ya programu za aina hii kuanza. Matokeo: mtumiaji yeyote wa kawaida wa mashine hiyo alijipatia mamlaka yote.

Programu hiyo iliandikwa kwa C, na waandishi wake hawakuwa wanafunzi. Kuanzia Linux 5.18, orodha ikiwa tupu kerneli huweka neno tupu ndani yake ili idadi iwe 1. Lakini programu yako huenda ikaendeshwa kwenye kerneli ya zamani zaidi, na ulinzi wenyewe ni maagizo mawili: `cmp qword [rsp], 2` na mruko wa `jb` kwenda kwenye maelezo ya matumizi. Kwa nini uyaache?

"Urefu wa agumenti unajulikana: toa anwani moja kutoka kwa inayofuata."

Kwenye Linux ya leo maneno hupangwa yakifuatana, kwa hiyo anwani ya "Juma" kutoa ya "Asha" ni 5: herufi nne na sifuri. Ujanja unafanya kazi, na nimeuona ukisifiwa. Lakini waraka wa System V unasema wazi kwamba maneno hayo hayana mpangilio maalumu na hayalazimiki kubanana. Tena kwa agumenti ya mwisho inakubidi uegemee mazingira, ambayo yanaweza kuwa matupu. Tafuta sifuri. Kwa neno la herufi kumi hutapoteza muda wowote wa kuhesabika.

"Nimeandika 42, kwa hiyo kielekezi kinaonyesha 42."

Kinaonyesha baiti 0x34 na 0x32, herufi mbili, na sifuri. Kuigeuza iwe namba ni kazi yako: toa 0x30 kwa kila herufi, zidisha jumla kwa 10, ongeza. Ukaguzi wa herufi zisizo tarakimu ni ulinganisho mmoja. Baada ya kutoa 0x30 linganisha na 9 kisha tumia `ja`, ambayo huhesabu bila alama ya kutoa. Herufi iliyokuwa chini ya '0' hugeuka namba kubwa mno na kunaswa na mruko uleule.

"Kutumia pop ni kuiharibu staki."

Tumeshaona kwamba `_start` ya maktaba ya C yenyewe hufanya `pop`. Kwenye programu isiyoita fanksheni za nje, `pop` za kuchukua idadi na vielekezi ni halali na nadhifu.

Tahadhari iko kwingine. Wakati wa kuanza, `rsp` inagawanyika kwa 16. `pop` moja inaisogeza kwa 8. Ukiita `printf` katika hali hiyo, mara nyingine itafanya kazi na mara nyingine itaanguka ndani kabisa ya maktaba, kwenye agizo kama `movaps` linalodai anwani iliyopangiliwa. Anayeona anguko hilo hudhani ameharibu agumenti. Ninapendelea kuihifadhi `rsp` ya mwanzo kwenye rejista isiyoguswa na fanksheni, kama `rbx`, kisha kusoma kwa umbali kutoka hapo. Idadi ya `pop` haihitaji tena kukumbukwa.

"Kwenye ARM mambo ni tofauti kabisa."

Majina yamebadilika, mchoro ni uleule. Anayejifunzia kwenye simu kupitia Termux, au kwenye Raspberry Pi ya biti 64, atasoma idadi kwa `ldr x0, [sp]` na kupata anwani ya orodha kwa `add x1, sp, #8`. Namba ya wito huwekwa kwenye `x8`: 64 kwa kuandika, 93 kwa kutoka, na agizo ni `svc #0`.

"Agumenti ni za kusoma tu, na ni programu yangu peke yake inayoziona."

Sehemu ya kwanza imekanushwa na programu ya hapo juu, ile iliyoandika 10 juu ya sifuri bila kuomba ruhusa. Staki ni yako, na maneno yaliyomo ni yako kubadili. PostgreSQL hutumia nafasi hiyo kuandika kila mchakato wake unafanya nini, ndiyo maana orodha ya `ps` huonyesha maelezo badala ya amri iliyouanzisha.

Sehemu ya pili ndiyo hatari. Kerneli hukumbuka agumenti zinaanzia wapi na kuishia wapi, na yeyote akisoma `/proc/` na namba ya mchakato kisha `/cmdline`, huchukua baiti kutoka kwenye eneo hilo moja kwa moja. Kwa mipangilio ya kawaida, mtumiaji mwingine yeyote wa mashine hiyo anaruhusiwa kuzisoma, tofauti na mazingira, ambayo mtumiaji wa kawaida mwingine huzuiwa. Programu inayopokea nenosiri kama agumenti inalibandika ukutani.

Kuna wanaojitetea kwamba wanalifuta mara wanapolisoma. Programu ya mteja ya MySQL hufanya hivyo, na waraka wake wenyewe unaonya kwamba kuna muda mfupi kabla ya kufutwa ambapo linaonekana. Kwenye asembli muda huo unaweza kuwa wa maagizo machache tu, lakini sheli huenda imeshaliandika kwenye faili la historia yake, na huko mkono wako haufiki. Nenosiri lisomwe kwa wito namba 0, kutoka ingizo la kawaida, au kutoka faili lenye ruhusa ya mwenyewe tu.